Verini za gesi kwenye remorke ya kulala: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu wa Lubumbashi anayejitengenezea remorke (trela) ya kulala, au anayeitengenezesha kwa fundi wa kulehemu: sanduku la chuma lenye kifuniko cha juu, mlango wa jiko nyuma, pengine masanduku ya vifaa pembeni. Remorke ya kwenda nayo kwenye maporomoko ya Kiubo au Lofoi, si ya kubeba mchanga. Vipimo vya urefu ni sentimita au milimita, na nguvu ni niutoni (N). Kwa kazi hii hesabu kilo 1 kuwa N 10, na hutapotea.

Verini ya gesi ni kitu gani hasa? Si amortisa?

Amortisa ya gari inapunguza mwendo tu, haibebi mzigo. Verini ya gesi inasukuma. Ndani ya bomba lake lililofungwa mna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa, pamoja na mafuta kidogo ya kulainisha mpira wa kuzuia uvujaji na kutuliza mwendo wa fimbo inapofika mwisho. Fimbo ya mm 8 ina uso wa nusu sentimita ya mraba hivi. Ili isukume kwa N 250, gesi ndani inakuwa na mgandamizo wa bari 50, yaani mara ishirini ya tairi la gari dogo. Kwa hiyo haitobolewi, haikatwi na haichomwi moto. Hilo tutalirudia chini, maana ndilo linaloumiza watu.

Ninunue verini kwanza, halafu fundi atengeneze kifuniko kinachozifuata?

Hapana. Verini hununuliwa mwisho. Kifuniko kikishachomelewa, kikapigwa rangi, kikatiwa mpira wa kuzuia maji, kufuli, mpini na sponji ya ndani, ndipo unapima. Tole (bati la chuma) ya mm 1 ina kilo 7.85 kwa mita ya mraba, ya mm 1.5 inakaribia kilo 12. Bomba la mraba la 25 × 25 × 1.5 ni kilo 1.1 kwa mita. Ukibadilisha tole katikati ya kazi kwa sababu dukani walikuwa na ya 1.5 peke yake, kifuniko cha mita ya mraba moja na nusu kimeongezeka kilo 6, na verini ulizonunua mapema hazitoshi tena.

Kosa hili ndilo tunaloliona zaidi. Mtu anapata verini mbili nzuri za gari, anazipenda, kisha anailazimisha remorke izifuate.

Nitajuaje uzito wa kifuniko ambacho tayari kiko kwenye bawaba zake?

Huna haja ya kukivua. Chukua mizani ya bafuni, iweke juu ya kitu kigumu mbele ya remorke, na uegemeze ukingo wa mbele wa kifuniko, ule ulio mbali na bawaba, juu yake kwa kipande cha mbao, kifuniko kikiwa kimelala karibu sawa na kinapofungwa. Namba utakayosoma ni karibu nusu ya uzito wote, kwa kuwa nusu nyingine imebebwa na bawaba.

Namba hiyo ni bora kuliko uzito kamili. Ukiizidisha kwa 10, halafu kwa urefu wa kifuniko kutoka bawaba hadi pale ukingo ulipoegemea, unapata moja kwa moja mzigo ambao verini zitapambana nao, hata kama kifuniko si sawa pande zote: kwa mfano umefunga kishikio cha jerikani upande wa mbele.

Hesabu ya nguvu inafanywaje?

Tuchukue kifuniko cha kawaida. Kutoka bawaba hadi ukingo ni sm 100, upana sm 140, tole ya mm 1, fremu ya bomba la 25. Tole ni kilo 11, fremu na boriti moja ya katikati kilo 6.5 hivi, kufuli, mpini, mpira na rangi kilo 2 na zaidi kidogo. Jumla kilo 20. Mizani kwenye ukingo inasoma 10.

Mzigo kwenye bawaba: 10 × 10 × 100 = 10,000, kwa niutoni-sentimita.

Sasa unahitaji kipimo cha pili, ambacho wengi hawakichukui: umbali wa pembeni. Kifuniko kikiwa kimefungwa, vuta uzi kutoka sehemu verini itakaposhikwa kwenye sanduku hadi itakaposhikwa kwenye kifuniko. Weka ekeri ya fundi (kipimo cha pembe mraba) juu ya uzi, mkono wake mmoja uelekee katikati ya pini ya bawaba, kisha pima kutoka pini hadi kwenye uzi. Huo ndio mkono wa verini. Tuseme ni sm 20.

Nguvu ya kila verini = mzigo ÷ (idadi ya verini × umbali wa pembeni) = 10,000 ÷ (2 × 20) = N 250.

Huna haja ya kuongeza chochote juu ya hapo kwa kifuniko cha aina hii. Verini iliyobanwa yote inasukuma zaidi ya namba iliyoandikwa juu yake, kwa kawaida asilimia 20 hadi 40 zaidi, kwa sababu fimbo imeingia ndani na kuipunguzia gesi nafasi. Akiba yako iko hapo.

Tazama sasa kinachotokea fundi akizishika verini juu zaidi, karibu na kifuniko, kwa sababu hapo ndipo palikuwa rahisi kulehemu. Umbali wa pembeni unashuka hadi sm 8. Kifuniko ni kilekile cha kilo 20, lakini kila verini sasa inatakiwa iwe ya N 625. Bawaba zitavutwa kwa nguvu hiyo kila siku remorke ikiwa imefungwa. Mahali pa kushika pana umuhimu kuliko nguvu ya verini.

Basi nizishike wapi hasa?

Kwa kifuniko hicho cha sm 100, verini ya urefu wa mm 500 ikiwa wazi na mwendo wa mm 200 inafaa sana. Ikibanwa yote inabaki mm 300. Vipimo vyake:

- Kwenye kifuniko: sm 30 kutoka pini ya bawaba.
- Kwenye sanduku: sm 21 chini ya usawa wa pini, na sm 7 mbele ya pini, kuelekea ukingo.
- Kimefungwa: kati ya sehemu mbili ni sm 31. Inabaki sm 1 ya mwendo, isije verini ikagonga mwisho kabla ya kifuniko kufika kwenye mpira wake.
- Kimefunguka: sm 50, na kifuniko kimesimama kwenye nyuzi 75.

Vipimo hivi vinachukulia kuwa sehemu ya kushika kwenye kifuniko iko kwenye mstari mmoja na pini ya bawaba. Kama bawaba yako iko nje na kishikio kiko ndani, chini ya fremu, tofauti ya sm 3 au 4 inabadilisha kila kitu, na itabidi ujaribu kwa fimbo.

Fimbo ni hivi: chukua vipande viwili vya mbao, kimoja kitobolewe matundu mawili yaliyoachana sm 31, kingine sm 50. Hizo ndizo verini zako za bandia. Shika vishikio kwa klempu tu, bila kulehemu. Weka fimbo fupi, funga kifuniko: kinakaa? Weka ndefu: kinasimama pale unapotaka, au kinagonga kioo cha nyuma cha gari? Sogeza, jaribu tena. Mbao haisukumi mtu, kwa hiyo kazi yote ya kukisia ifanywe nayo.

Kama sanduku lako halina kina cha sm 21, usilazimishe. Tafuta verini fupi zaidi (mm 400 yenye mwendo wa mm 150 hupatikana), rudia fimbo, rudia hesabu.

Mlango wa jiko la nyuma unahesabiwa vilevile?

Hapana, na hapa watu wengi huumia kichwa kwa maana halisi. Mlango unaoning'inia wima hauna mzigo ukifungwa. Mzigo wake wote unakuja ukiwa umenyanyuliwa kama paa juu ya mpishi. Kwa hiyo unapima ukiwa wazi: mlango umelala sawa, mizani chini ya ukingo juu ya nguzo ya mbao, na umbali wa pembeni unachukuliwa katika hali hiyohiyo.

Mlango wa kilo 15, urefu sm 90, mizani itasoma 7.5. Mzigo ni 7.5 × 10 × 90 = 6,750. Umbali wa pembeni ukiwa wazi tuseme ni sm 15: 6,750 ÷ 30 = N 225. Hapa verini imenyooka yote, haina ile akiba ya kubanwa, kwa hiyo ongeza angalau asilimia 20: N 270, na dukani chukua ya 300. Ukifunga turubai kwenye ukingo wa mlango huo, pima turubai ikiwa imefungwa. Mvua ya Januari ikituama juu ya turubai, hakuna verini itakayobeba. Iinamishe maji yatiririke.

Dukani niseme nataka nini?

Sema namba nne: urefu ikiwa wazi, kutoka katikati ya kichwa kimoja hadi katikati ya kingine, mwendo wa fimbo, nguvu kwa N, na kichwa cha aina gani. Usiseme tu «verini za remorke».

Unene huja kwa jozi: fimbo ya mm 6 na bomba la 15 kwa vifuniko vyepesi, hadi N 400 hivi, fimbo 8 na bomba 18 au 19 kwa sehemu kubwa ya kazi zetu, fimbo 10 na bomba 22 kwa mizigo ya hadi N 1,100 hivi. Kwa mfano wetu wa N 250, ya mm 6 ingebeba, lakini tunapendelea ya mm 8. Fimbo nyembamba na barabara ya mawe havipatani.

Vichwa: chagua cha rotuli, yaani kichwa chenye klipsi kinachoshika tufe dogo la chuma (ndilo rotuli) lililofungwa kwenye kishikio, kwa sababu kinakubali kuyumba kidogo pande zote. Kichwa cha tundu bapa na bolti kinadai unyoofu ambao remorke ya kulehemu kwa mkono mara nyingi haina. Uzi wa M8 ndio wa kawaida kwa fimbo ya mm 8 na ya mm 10. Hakikisha rotuli na kichwa vinalingana: zipo za mm 10 na za mm 13, na ya 10 ndani ya kichwa cha 13 itaruka shimo la kwanza la barabara.

Verini mpya zenye jina, Stabilus au Suspa za Ujerumani kwa mfano, zinaandikwa nguvu yake kwenye bomba. Ukiagiza kupitia Kasumbalesa kwa mtu anayekwenda Kitwe au Ndola, mwandikie namba nne kwenye karatasi na umtumie picha ya kichwa. Ukiagiza kwa ndege, wakala wa mizigo aambiwe kuwa ni kitu chenye gesi iliyoshindiliwa.

Za gari lililobomolewa zinafaa?

Zinafaa, ikiwa utazipima. Verini za mlango wa nyuma wa gari hufika mara nyingi kati ya N 300 na 600, na urefu wake huenda ukawa mkubwa kwa sanduku lako. Nyingi za magari ya Japani hazina namba ya N, zina namba ya kipuri tu.

Kipimo ni mizani ileile ya bafuni. Weka ubao juu yake, simamisha verini fimbo ikiwa chini, kichwa cha fimbo juu ya ubao, na ubonyeze bomba polepole kwa mikono miwili ukiwa umenyooka juu yake. Mtu mwingine asome mizani wakati fimbo inaingia taratibu. Kilo 30 ni N 300. Usisome ile namba ya mwanzo inayoruka juu, hiyo ni mpira ulioganda. Kama unaegemea kwa nguvu zote na haiingii, iache: ni kali mno kwa kifuniko chako.

Kataa verini yenye mafuta kwenye fimbo, yenye mkwaruzo unaonaswa na ukucha, yenye kutu, au ambayo fimbo yake inaingia kwa urahisi kisha inakazana ghafla. Na zote mbili zitoke gari moja. Moja ya 400 na nyingine ya 280 zitakipinda kifuniko taratibu, mpaka kona moja haikai kwenye mpira, na mvua itakuonyesha kona gani.

Fimbo iangalie juu au chini?

Chini, remorke ikiwa imefungwa. Mafuta yanalala juu ya mpira wa kuzuia uvujaji na kuuacha na unyevu. Ukiigeuza, mpira unakauka, gesi inatoka polepole, na mwaka haujaisha kifuniko kimekuwa kizito. Kwa kifuniko cha juu, hii ina maana bomba linashikwa kwenye kifuniko na fimbo kwenye sanduku.

Kuzifunga, hatua kwa hatua?

Vishikio viwe vya tole ya mm 4, sm 5 kwa 8, na kila kimoja kishikwe na bolti mbili za M8 au kilehemiwe kwenye bomba la fremu. Kamwe si kwenye tole ya mm 1 peke yake: itatoboka kama kopo. Ukipitisha bolti kwenye bomba la mraba, ingiza ndani kipande kifupi cha bomba la duara kama kizuizi, la sivyo nati itaponda bomba na kesho yake imelegea.

1. Kulehemu kote kuishe kabla verini hazijakaribia. Cheche moja ya moto kwenye fimbo inaacha kipele, na kipele hicho kinachana mpira kila unapofungua. Kama kuna kazi ya kulehemu baadaye, vua verini uziweke mbali. Kuzifunika kwa kitambaa hakutoshi, kwa sababu umeme wa kulehemu nao hupenda kupita kwenye rotuli.
2. Funga rotuli kwenye vishikio. Angalia kwa rula ndefu kwamba ya juu na ya chini ziko umbali uleule kutoka ukutani. Tofauti ya mm 2 au 3 inavumilika. Kati ya mstari wa katikati wa verini na ukuta acha mm 15 angalau.
3. Nyanyua kifuniko, kitegemeze kwa nguzo mbili za mbao, moja kila upande. Watu wawili. Batoto mbali.
4. Verini inafungwa ikiwa imenyooka. Legeza klipsi kwa bisibisi ndogo bila kuitoa yote, bonyeza kichwa kwenye rotuli ya sanduku hadi usikie mlio, kisha ya kifuniko. Kama haifiki, sogeza kifuniko. Usijaribu kuibana verini kwa mkono.
5. Rudisha klipsi, vuta kila kichwa kuona kama kimeshika.
6. Toa nguzo, shusha kifuniko polepole na usimame sm 10 kabla ya mwisho. Chungulia: bomba linagusa fremu? Waya wa taa umebanwa? Kisha malizia.

Kwa mfano wetu, ukingo utahitaji kubonyezwa kwa kilo 3 hivi ili ufunge. Hiyo ndiyo hali nzuri: mkono mmoja unatosha.

Nikiweka kali zaidi, si bora?

Kwenye kifuniko kilekile, weka N 400 badala ya 250. Kufunga kutahitaji kilo 11 kwenye ukingo, kifuniko kitaruka ukifungua kufuli, na tole itavimba katikati kati ya kufuli mbili. Uvimbe huo unaacha mwanya, na vumbi jekundu la njia ya Kundelungu linaingia mpaka ndani ya godoro. Hata kwa N 250, ujue kwamba bawaba zinasukumwa na verini mbili kwa nguvu ya kilo 65 hivi zikiwa zimefungwa, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo inazivuta kuelekea mbele. Bawaba ndefu nyembamba iliyopigwa ribeti kwenye tole haitadumu. Tumia bawaba nene tatu zilizolehemiwa kwenye fremu.

Verini zinaweza kukishikilia kifuniko barabarani bila kufuli?

Hapana. Zinasukuma kufungua. Kufuli mbili, kila kona moja, na kadena (kufuli ya kuning'inia) kama unalala mjini.

Moja inatosha?

Kwa sanduku la pembeni lenye upana chini ya sm 60, ndiyo. Zaidi ya hapo kifuniko kinajipinda upande usio na verini.

Mbona asubuhi za Juni kifuniko kinakuwa kizito?

Kwa sababu gesi ikipoa inasukuma kidogo. Namba iliyoandikwa kwenye verini ni ya nyuzi 20, na kila nyuzi 10 zinapoongezeka au kupungua, nguvu inabadilika kwa asilimia 3.4 hivi. Usiku wa kiangazi huku hushuka chini ya nyuzi 10. Verini ya 250 kwenye nyuzi 8 inakuwa ya 240. Kwenye mfano wetu kifuniko kitaanza kufunguka vizuri, kikifika katikati kitasita na utakisaidia kwa vidole, kisha juu kitajishikilia. Oktoba, sanduku likiwa limeshinda juani na chuma kimefika nyuzi 50, ileile inakuwa 275 na kufunga kunataka kilo 4 au 5. Hizi ni tofauti za kawaida. Ikiwa Juni kifuniko kinaanguka kabisa, verini imechoka, baridi imeifichua tu.

Na urefu wetu kutoka usawa wa bahari?

Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 na kitu, Bukavu na Goma ni juu zaidi, karibu 1,500. Tofauti kwa verini ni chini ya N 1. Isahau.

Nataka kuweka hema juu ya kifuniko. Itawezekana?

Hema la juu la kilo 50 au 60 linabadilisha kazi yote. Kifuniko cha kilo 20 kinakuwa cha 80, hesabu inatoa N 1,000 kwa kila verini, na siku ukiliacha hema nyumbani, kifuniko hicho kitakurushia mpini usoni. Verini zinapangwa kwa uzito mmoja. Ushauri wetu ni hema lisimame kwenye fremu yake, nguzo nne kutoka kwenye chasi, na kifuniko kifunguke chini yake kwa nyuzi chache, au vifaa vitolewe kwa milango ya pembeni.

Vumbi linaziharibu? Nipake grisi?

Usipake grisi kwenye fimbo. Grisi inakamata vumbi, vumbi linakuwa msasa, msasa unakula mpira. Futa fimbo kwa kitambaa kikavu ukirudi safari, basi. Tone la mafuta kwenye rotuli mara moja moja linatosha. Ukipiga rangi remorke, funga fimbo kwa karatasi na utepe, maana rangi iliyokauka juu yake ni sawa na mkwaruzo. Na mbabula (jiko la makaa) isiwekwe chini ya verini ya mlango wa jiko: verini za kawaida zimetengenezwa kwa joto la hadi nyuzi 80, na moshi wa makala unaopanda moja kwa moja unafika hapo haraka.

Upepo?

Upepo wa kabla ya mvua ya Novemba unaweza kukivuta kifuniko kilichosimama hadi kuing'oa fimbo au kukunja kishikio. Funga mkanda wa nailoni au mnyororo mfupi kati ya kifuniko na sanduku, urefu wake ukomeshe kifuniko milimita chache kabla verini haijafika mwisho. Na kwa mlango wa jiko, mahali watu wanaposimama chini yake saa nzima wakisonga bukari, weka nguzo ya chuma inayokunjwa. Verini zikichoka hazitoi taarifa: wiki hii zinashika, wiki ijayo mlango unashuka polepole juu ya sufuria, na siku moja unashuka haraka.

Imechoka. Fundi wa baridi anaweza kuijaza gesi?

Hapana. Verini ya kawaida haina vali ya kujazia, na chupa za gesi za fundi wa friji si za kazi hiyo. Zipo mpya zenye vali ndogo ya kupunguza gesi, zinazouzwa zikiwa kali ili uzishushe hadi kiwango chako. Vali hiyo inatoa tu, hairudishi, kwa hiyo punguza kidogo kidogo, kwa zamu, upande huu kisha ule. Ya kawaida ikichoka, nunua mbili.

Nizitupe wapi zilizokufa?

Hata isiyonyanyua chochote bado ina gesi. Usiikate kwa diski, usiitoboe, na usiitupe kwenye takataka zinazochomwa moto uani. Ukimpa mnunuzi wa vyuma chakavu, mwonyeshe ni verini na mwambie haijatolewa gesi, aitenge na vyuma vinavyokwenda kuyeyushwa.